Mikono ya fizio kwenye kifundo kinachoteguka kila mara: nampa nyota 4

Nianze na mguu wenyewe ili mnielewe. Kifundo cha kulia kiliteguka miaka 2 iliyopita, nikafunga bendeji, nikapumzika wiki 2, nikaona nimepona. Wapi! Tangu hapo kinaniachia tu chenyewe, mara natembea sehemu tambarare kabisa, mara nashuka ngazi nimebeba beseni la nguo najikuta chini mi na nguo zangu. Nlifika hatua natembea naangalia chini kama niliyedondosha hela.

Pa kwanza nlipoenda (sipataji) nlikandwa na mafuta mara 6, raha tupu, unasinzia kabisa, afu mguu ukateguka wiki ileile. Ninachoongelea hapa sio kukandwa.

Huyu fizio wa sasa, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nusu saa ya kwanza hakunigusa. Alinipa maswali 9, yanaitwa CAIT, unajibu mwenyewe mguu wako una uimara gani, alama ya juu 30, mi nikapata 14. Afu akanisimamisha mbele ya ukuta nikunje goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, anapima umbali wa kidole gumba cha mguu na ukuta. Kushoto sentimita 11. Kulia 5, tena nimeng'ata meno. Akasema ona sasa, kano za upande wa nje zimelegea lakini kukunja kwenda mbele kumekaza, kuna mfupa unaitwa talasi, umekaa kati ya ugoko na kisigino, hauserereki nyuma vizuri. Mi nlidhani kiungo kikilegea kimelegea chote, kumbe kinalegea huku kinakaza kule.

Tiba yenyewe: mguu juu ya stuli, anapitisha mkanda nyuma ya ugoko, chini karibu na kisigino, upande mwingine anauzungusha kiunoni kwake, afu anaubana ule mfupa kwa mbele na pale katikati ya kidole gumba na cha shahada, anakwambia haya peleka goti mbele, na ye anaegemea nyuma na mkanda wake. Mara 10, pumzika, rudia. Ni mbinu ya Brian Mulligan, fizio wa New Zealand, na sharti lake kubwa isiume, ikiuma kidogo tu anasogeza mkono anatafuta pengine. Hamna ile kooo! ya kiungo kulia kama kwenye video. Nikarudi ukutani: 7 na nusu!

Nikafurahi weee. Kesho yake asubuhi napima nyumbani, 5 na nusu. Nikampigia nimevimba kwa hasira, akaniuliza swali moja tu, mazoezi umefanya? Sijafanya. Akasema mikono yangu inakufungulia mlango tu, usipopita unajifunga. Basi nikaanza, kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki, kunyoosha mguu mwingine mbele na pembeni kwa nyuma, kusukuma kwa nje ule mkanda wa mpira wa mazoezi unaovutika ili ile misuli ya pembeni ya ugoko iamke. Siku ya kwanza nimefumba macho nlisimama sekunde 4 nikaangukia pazia.

Wiki 6 sasa: ukutani 9, CAIT 23, umenicheza mara 1 tu na sikuanguka.

Nyota niliyomkata ni ya muda, miadi ya saa 4 unaingia saa 5 kasoro, na karatasi yake ya mazoezi ina michoro hujui huu mguu au kijiko. Ila kuna siku alinikosha, alikuja jamaa kategua siku hiyohiyo, kifundo kimevimba na hawezi kukanyaga hata hatua 4, anataka "arudishiwe", fizio akagoma kumshika, akamwambia kapige eksirei kwanza. Yule wa mafuta angeshamkanda.

Jioni hii nimepandishwa daraja, mguu mmoja juu ya mto. Mwanangu ndo anahesabu sekunde, na anaruka namba makusudi.