Almasi Imeibwa, Mzee Anatupigia Soga: Nimesoma The Moonstone

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo ni riwaya ya The Moonstone ya Wilkie Collins, ya mwaka 1868. Najua, ukisikia mwaka huo kidole kinataka kuruka video. Tulia kwanza!

Kisa chenyewe sikielezi sana. Almasi kutoka India, binti anapewa siku anapotimiza miaka 18, kulipokucha haipo. Wageni wote nyumbani wanashukiwa. Basi, mengine mtayakuta ndani.

Mimi nataka tumwongelee huyu mzee, Betteredge. Ni msimamizi wa nyumba, na ndiye anayeanza kusimulia. Ameombwa aandike habari za wizi. Anaandika weee, binti yake anasoma, anamwambia: baba, umeandika vizuri na yote ni kweli, ila umeombwa habari za almasi, wewe umejieleza mwenyewe. Mzee anaanza upya. Halafu anapotea tena!

Ngoja niisogeze hii kamera. Hapa, mwanzoni kabisa, anaeleza kwa nini alioa. Mwanamke alikuwa anamhudumia nyumbani, kila wiki analipwa. Mzee akapiga hesabu: nikimwoa, sitamlipa tena. Na hesabu hiyo akaenda kumweleza bibi mwajiri wake, uso mkavu kabisa! Bibi akaangua kicheko, naye mzee hajui kinachochekesha ni nini. Nimeirudia sehemu hii mpaka watu wa nyumbani wameniuliza kama niko salama.

Kuna na hii. Akipata shida, anafungua riwaya ya Robinson Crusoe popote pale, anasoma, anapata jibu la maisha yake. Ameshachakaza nakala sita, yuko kwenye ya saba.

Watu wa Sherlock Holmes msinirushie mawe, nampenda pia, ila alikuja baadaye, 1887, na Watson, rafiki yake anayesimulia visa vyake vya upelelezi, kazi yake kubwa ni kushangaa. Betteredge anaugua! Anakwambia amepata homa ya upelelezi, tumbo linamuunguza, utosi unagonga. Mpelelezi mwenyewe, Sajenti Cuff, nyumba nzima inamsubiri, yeye anafika na kuanza kubishana na mtunza bustani: njia za katikati ya mawaridi ziwe za nyasi au za changarawe. Kuna almasi imeibwa, baba!

Sasa kinachoniudhi. Kalamu inahama, anasimulia huyu, anasimulia yule. Bi Clack sawa, mlokole wa kugawa vijitabu vya dini kwa kila mtu. Dereva wa gari la farasi anamtukana kwa sababu kamlipa nauli kamili bila nyongeza, anaongezewa kijitabu! Ila akija wakili, mimi nilianza kuangalia kurasa zimebaki ngapi. Maneno mengi jamani. Ingawa… lile jibu la nani kaiba, bila hao wote lisingekaa sawa. Basi, wakili nimemsamehe nusu.

Bei? Hakimiliki yake imeshaisha, kiko bure Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, kwa Kiingereza. Usinunue kabla hujaonja sura za mwanzo.

Mliolalamika sauti iko chini, nimebadilisha maiki, niambieni. Na kwenye komenti msimtaje mwizi. Ukimtaja, nafuta.