Manati ipi ununue Mtwara: nilizozipiga, kuanzia nzuri hadi ya kuacha dukani

Mpwa wangu aliangalia Olimpiki ya Paris ya 2024 kwenye simu, akamwona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, anaondoka na medali ya fedha kana kwamba alikuwa anapita tu kununua vocha. Wiki nzima ikawa wimbo: "Mjomba, bastola kama ile bei gani?" Nikamwambia ile ni ya upepo, hupigwa kwa mita 10. Zipo pia za risasi ndogo, za .22, ambazo wenzetu hushindana nazo kwa mita 25. Kwetu bastola ni habari ya kibali cha polisi, sheria ya silaha ya mwaka 2015 ipo, na hata ukikipata, pesa ya bastola nzuri ya shabaha unanunulia pikipiki na chenji inabaki. Akanuna. Kesho yake nikamkuta uwani ameshika manati yangu, anatafuta namna ya kuipiga huku mkono mmoja uko mfukoni. Manati haina ustaarabu huo.

Lakini mita 10 ni mita 10. Ukining'iniza kopo dogo la nyanya kwenye tawi la mwembe, ukahesabu hatua kumi na tatu ndogo kurudi nyuma, kazi iliyo mbele yako ni ileile ya Paris: kusimama vile vile, kuvuta vile vile, kuachia vile vile, mara mia. Mimi hupiga uwani kwetu Mikindani jioni baada ya alasiri, jua likishalegea. Miaka hii nimenunua, nimetengenezewa na nimeazima manati za kila namna, na kila moja naiuliza maswali mawili tu. Leo itapiga pale ilipopiga jana? Na chai ikiwa tayari, nitaingia ndani au nitasema "subiri, moja ya mwisho"?

Watu wengi wakienda kununua huangalia mti. Wanaugeuza, wanausifu ulivyong'arishwa, wanapanga bei. Kinachorusha si mti, ni mpira. Tyubu nyingi za gari zimetengenezwa kwa butili, mpira uliobuniwa ushike upepo usivuje. Kwenye gurudumu ni sifa, kwenye manati ni uvivu. Ivute kisha irudishe polepole, utaiona inarudi kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo. Mpira wa asili, ule lateksi mwembamba, ukiuachia umeshafika. Tena unavutika hadi mara tano ya urefu wake, wakati tyubu ikifika mara tatu tayari imekaza na mkono unatetemeka. Mkono ukitetemeka, kopo halina wasiwasi.

Kwa hiyo nilivyozipanga hapa chini, nimepanga mpira kwanza na mti baadaye.

Ya kwanza: panda ya mpera, mpira bapa

Hii huipati dukani ikiwa kamili, unainunua vipande viwili. Panda, yaani ule mti wenye pembe mbili, unamwagiza kijana yeyote anayejua kupanda miti, umwambie unataka ya mpera, iliyokatwa mbichi na kukaushwa kivulini wiki kadhaa. Uzuri wa panda ya asili ni kwamba nyuzi za mti zinapinda pamoja na tawi, zinaingia katika pembe zote mbili bila kukatika. Mpera ni mgumu na hauna tabia ya kupasuka ovyo. Mlimau na mchungwa nao wanafaa. Mkorosho usipoteze muda, ingawa tumezungukwa nao hadi Tandahimba na Newala: mti wake mwepesi, unakatika bila taarifa.

Wapo wanaotamani ya mpingo, na huku kwetu wachongaji hawakosekani. Inapendeza mno ukiishika, nzito, baridi, nyeusi kama usiku wa mwezi mchanga. Ila mara nyingi mchongaji ataikata kutoka kwenye gogo, si kwenye tawi lenye panda, na hapo nyuzi za mti zinakatizwa kwenye shingo ya pembe. Mpingo ni mgumu lakini ukianguka sakafuni vibaya, pembe inaweza kung'oka. Nunua ya kuweka sebuleni.

Mpira bapa huuzwa kwa mikunjo kama utepe, wengi huagiza Dar au mtandaoni, unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Mimi natumia wa 0.7. Unaukata upana wa milimita 20 upande wa panda na 15 upande wa ngozi ya kushikia jiwe, kwa sababu ncha nyembamba inarudi haraka zaidi. Urefu unategemea mkono wako: pima kutoka kwenye panda ukiwa umenyoosha mkono hadi shavuni, gawanya kwa tano, ongeza kidogo cha kufungia. Mimi navuta kama sentimita 80, nakata 16, naongeza 3.

Raha yake ni kwamba haigombani na wewe. Unavuta kwa vidole viwili, unatulia shavuni, unaachia, na kabla hujajua umeachia kopo limelia. Lile "tang" ndilo linalochelewesha chai. Kwa kuaminika, nainyima alama chache. Mpira mwembamba huchoka, baada ya mapigo mia chache unaona vimikato vidogo pembeni, karibu na ngozi. Ukishaviona usijidanganye kwamba utapiga leo tu. Kata, funga mwingine.

Ya pili: panda yoyote, tyubu ya baiskeli

Hii ndiyo manati ya kila mtu, ya kufukuzia nyani shambani, iliyotundikwa kwenye mlingoti wa dungu. Bei yake ni soda mbili, na kama una tyubu iliyochoka nyumbani ni bure. Chagua tyubu ya baiskeli badala ya ya gari: nyembamba zaidi, na baadhi, hasa za bei rahisi, zina mpira wa asili ndani yake. Ijaribu kwa kidole kabla ya kukata.

Kwa kuaminika haina mpinzani katika orodha hii. Jua, chumvi ya bahari, mvua, mtoto aliyeisahau kwenye bati, bado asubuhi inavutika. Mzee mmoja jirani yangu anayo ambayo kamba za kufungia zimebadilishwa, ngozi imebadilishwa, mti umebadilishwa, na bado anaiita ileile ya mwaka ule. Kwa raha ya shabaha sasa, ni nzito kuvuta na polepole kurudi, jiwe linakwenda kwa mkunjo kama mtu anayerusha embe juu ya ukuta. Kumi za mwanzo unafurahi. Ikifika ya thelathini bega linakukumbusha umri. Ukiwa na mtoto wa miaka kumi anayeanza, mpasulie tyubu nyembamba ya upana wa sentimita moja, atapenda.

Ya tatu: ya chuma ya Kichina

Zinapatikana kwa wauza vifaa vya simu na vya michezo, sijui nani aliamua hivyo vikae pamoja. Mpini wa aloi, mpira bapa tayari, vibano vya skrubu kwenye pembe. Vibano ndivyo vinavyoiuza: unabadilisha mpira kwa dakika moja bila kufunga kamba. Kwa anayepiga kila siku huo ni wepesi mkubwa.

Tatizo lake la kwanza ni skrubu, zinalegea polepole na huna habari hadi mpira unapochomoka. Kaza kila unapoanza. La pili ni chuma chenyewe. Nyingine ni ya kumimina, na ya kumimina ikiwa na ufa ndani huuoni kwa nje. Ikatae yenye mapovu au mshono mbaya shingoni. Zile zenye taa nyekundu ya kulengea, acha taa. Haijui umevuta sentimita ngapi leo, na betri yake inakufa kabla ya mpira.

Ya nne: yenye kiegemeo cha mkono

Ile yenye fito inayorudi nyuma ikalala juu ya mkono, na mirija ya mpira wa njano. Marekani na Uingereza ni ya siku nyingi, kampuni za Barnett na Daisy zina zao. Nilinunua nakala yake mahali ambapo sitapataja. Mirija ilisukumizwa tu kwenye pembe laini za chuma, bila kifungo. Asubuhi ya tatu, joto na jasho, mrija mmoja ukateleza ukanichapa mdomo wa juu. Siku mbili nilikunywa uji kwa upande. Ukitaka hii, hakikisha pembe zina kichwa kinachozuia mrija, na usizipake mafuta. Kiegemeo kinasaidia ukivuta mpira mzito, lakini kwa kopo la mita 10 huhitaji mpira mzito.

Za plastiki za gulioni sizipangi nafasi. Ni mwanasesere.

Unapiga nini

Hapa ndipo manati nzuri huharibiwa. Kokoto za ufukweni ni za bure lakini hakuna mbili zinazofanana, na zisipofanana huwezi kujua kosa ni lako au la jiwe. Gololi za dukani ziko sawa kwa tyubu: ya milimita 16 ina kama gramu 5. Kwa mpira bapa wangu natumia tufe za chuma za milimita 8, gramu 2 hivi. Fundi baiskeli atakuuzia za magurudumu ya nyuma, zina milimita 6 na kidogo, gramu moja tu, nazo zinataka mpira mwembamba zaidi, la sivyo mpira unaruka bila mzigo na kujichosha. Chuma huku kinashika kutu haraka, kiweke kwenye kopo lenye tone la mafuta na ukipanguse kabla ya kupiga.

Lakini ninachokipenda zaidi ni udongo wa kichuguu. Ponda, chuja, kanda, viringisha ukubwa wa gololi, anika siku tatu. Ukigonga, unapasuka kwa kivumbi kidogo chekundu, unaona ulipogusa, na haurudi kukutafuta. Chuma hurudi. Nyuma ya kopo ning'iniza kitenge kikuukuu kilicholegea, kisikaze, tufe linazama kwenye mkunjo na kudondoka chini. Vaa miwani, hata ya jua ya Jumamosi. Korosho ghafi mpwa wangu alijaribu: inapinda hewani ilivyopinda yenyewe, na msimu wa mnada nikimkuta tena atanilipa kwa kilo.

Ndege na wanyama waacheni, nyani wa shambani anatishiwa kwa mlio tu, sheria ya wanyamapori ya 2009 haina utani na anayewinda bila kibali.

Ukifika kwa muuzaji, usianze na bei. Vuta mara tano hadi shavuni, uso ukiwa umeugeuza pembeni, kisha angalia pale mpira ulipofungwa kwenye pembe na pale unapoingia kwenye ngozi. Ukiona weupe au mkato, rudisha. Nusa pia: mpira uliokaa dirishani juani unanata kidogo kwenye vidole. Na siku hiyohiyo nunua mpira wa akiba, uupake poda ya mtoto, uufungie kwenye kopo la maziwa mahali penye giza. Wangu unakaa chini ya kitanda, na mpwa anajua ulipo, ndiyo maana kila Ijumaa naukuta umepungua.