Fundi wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar, aliyenitolea nyimbo za baba kwenye iPod ya 2005

Jamani kama una iPod ya zamani kwenye droo na ukiichomeka kwenye kompyuta inakuambia uifomati, SUBIRI, usibonyeze kitu, soma hapa kwanza.

Yangu ni ile ya video ya mwaka 2005, nyeupe, GB 30, mgongo wa chuma uliojaa michubuko. Ilikuwa ya kaka. Alikuwa anasoma Uingereza, 2006 akaja likizo akakaa wiki mbili nzima anahamisha kanda za baba kwenye Mac yake halafu kwenye hii iPod. Ile Mac ilishaibiwa siku nyingi, kanda zenyewe ziliondoka na mafuriko ya Disemba 2011 tukiwa tunakaa Kigogo, na baba hatunaye tena. Kwa hiyo kilichobaki ni humo ndani tu.

Nimehangaika nayo toka mwezi wa tatu. Waya wa kwanza nilinunua barabarani Msimbazi, ule wa kichwa kipana, elfu tano, unachaji vizuri tu lakini kompyuta haioni kitu, kumbe ndani hauna nyaya za kupitisha data. Wa pili elfu kumi na mbili ukashika, sasa Windows ikadai diski haijafomatiwa, ifomati? Nikapeleka kwa fundi mmoja, hajauliza hata swali moja kashika mausi anataka kubonyeza ndiyo, nikamdaka mkono. Nilitoka pale natetemeka aisee.

Wa kazini ndo akanielekeza kwa huyu wa Aggrey, ghorofa ya pili, ngazi zina giza. Swali lake la kwanza: "Dada, mara ya mwisho hii ilikuwa inatumika na kompyuta gani?" Nikamwambia Mac. Akasema basi diski yako ni nzima, haijaharibika, ila imepangwa kimac na Windows haiwezi kuisoma ndo maana inaiona kama tupu. Akawasha Mac yake. iPod ikagoma, imeganda kwenye ile nembo ya tufaha, akasukuma ile swichi ya juu ya kufunga vitufe akairudisha, akashikilia Menu na kitufe cha kati pamoja mpaka ikazima na tufaha likarudi, hapohapo vidole vikahamia kitufe cha kati na cha pleyi, ikaingia hali ya diski, yaani kompyuta inaiona kama diski ya kawaida. Ikasomeka!

Sasa ukiifungua hivyo nyimbo huzioni, folda imefichwa. Akabonyeza Command, Shift na nukta, ikajitokeza iPod_Control, ndani yake Music, ndani yake tena F00, F01 kuendelea, na kila faili lina jina la herufi nne zisizo na maana yoyote. Nikajua yameisha. Akaniambia tulia dada, jina la wimbo limeandikwa ndani ya faili lenyewe. Akazikopi zote kwenye flashi yangu na kwenye mashine yake, akaziingiza iTunes, ile programu ya nyimbo ya Apple, majina yakajipanga yote, mpaka yale kaka aliyoandika "kanda ya baba 7 upande B". Nililia pale dukani, sioni aibu kusema.

Alipohakikisha nakala ziko sehemu mbili ndo akaifuta iPod kwa iTunes ya kwenye laptopu yangu ya Windows, ikapangwa upya kwa FAT32, mpangilio ambao Windows na Mac zote zinausoma, sasa inasomeka kote. Akanionya, ukiichomeka kwenye kompyuta ngeni na iTunes ikakuuliza ifute ianze upya, kataa. Humohumo iTunes weka tiki pale pa kupanga nyimbo mwenyewe, halafu unaburuta unazotaka. Na nyimbo zilizo kwenye faili za aina ya FLAC haipigi, zigeuze ziwe mp3 kwanza.

Kasoro zipo. Aliniambia siku moja ikawa tatu, risiti hatoi, na betri hakuwa nayo, kwa hiyo kitu ambacho kikiwa kipya kilitakiwa kupiga masaa 14 changu kinakata baada ya matatu. Nimelipa elfu ishirini na tano na hata angesema hamsini ningetoa.

Baba alikuwa anarekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, kwa hiyo kabla dansi halijaanza unasikia kitufe, tak, halafu sauti yake kabisa: "Tulieni nyie." Jana nimemvalisha mama hedifoni nikamwekea hiyo. Hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha, akanirudishia ile iPod mkononi akasema nirudishie mwanzo, pale kabla ya muziki.

Ukienda kwa fundi nenda asubuhi, mchana panajaa, na beba waya wako unaopitisha data pamoja na flashi ya GB 32 au zaidi, yeye haviuzi.