Mraba ulioshonwa au kitambaa kilichokatwa tu?

Kwenye kundi la washonaji wa blanketi za viraka, mnaweza kubadilishana miraba iliyokwisha kushonwa au vitambaa vilivyokatwa tu. Miraba ina raha yake: blanketi moja linabeba mikono ya watu kumi. Shida ni vipimo. Mraba wa inchi 12 unatakiwa ukufikie ukiwa na inchi 12 na nusu, yaani robo inchi ya mshono kila upande. Niliwahi kuletewa wa 12 kamili. Pasi na cherehani havikusaidia kitu.

Vitambaa vya inchi 5 havigombanishi watu, na ni vyepesi kutuma. Ila vifuliwe kabla ya kukatwa, hasa vyekundu, maana vingine vinachuja hadi maji yanakuwa kama juisi ya rozela. Mgeni aanze navyo. Mimi, pamoja na yote, bado nasubiri miraba.