Bodi ya kuendesha pampu na tanki: nunua kilichomo ndani ya chipu

Wengi wanaonifuata hapa Dodoma wakitaka bodi ya kuendesha pampu ya kisima huanza na swali lile lile: ina memori kiasi gani? Kwa bodi itakayokaa ndani ya boksi kando ya tanki kule Hombolo, hilo liulize mwisho. Uliza kwanza chipu yenyewe imejengewa nini. Je, ina ADC, yaani kigeuzi cha volti kuwa namba, ya kusoma sensa? Ina UART (milango ya kutuma na kupokea data kwa waya) ngapi za kuongea na modemu? CAN, njia ya mawasiliano inayohimili waya mrefu, ipo? Kisichokuwemo utakinunua pembeni, na kila cha pembeni kinaleta waya zaidi na soketi za kulegea. Vumbi la kiangazi chetu mnalijua.

Kazi ninayopimia ni hii: shamba la zabibu, tanki la lita 10,000, sensa ya presha ya 4–20 mA chini ya tanki (hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20, unaopanda maji yakipanda), sensa mbili za unyevu wa udongo, rilei (swichi inayowashwa na bodi) ya pampu, na modemu ya kumtumia mwenye shamba meseji.

1. ESP32, ile ya asili ya 2016

Ndani yake kuna UART 3, ADC za biti 12 (biti zikizidi, hatua za kipimo huwa ndogo zaidi), DAC 2 (hizi hugeuza namba kuwa volti), kidhibiti cha CAN, Wi-Fi na Bluetooth. Kwa kazi hii hakipungui kitu, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi inayofuata.

Ila kuna mtego ambao muuzaji hatakwambia. ADC ziko mbili, na ile ya pili haisomeki Wi-Fi ikiwa kazini. Nilifunga sensa ya tanki kwenye pini 25, nikapima mezani, ikasoma vizuri. Tulipofika shambani na kuwasha Wi-Fi, usomaji ukafa. Mzee mwenye shamba akanipigia jioni: "Fundi, simu inasema tanki tupu na mimi naona maji yanamwagika juu." Nilihamishia waya pini 34, ambayo ni ya ADC ya kwanza, na mpaka leo inasoma. Sensa zako zote ziweke pini 32 hadi 39.

Jambo jingine ni kwamba usomaji wa ADC yake hupinda, yaani hukosa usahihi, ukikaribia volti 3, kwa hiyo baki chini ya 2.4. Rezista ya omu 120 inaigeuza 4–20 mA kuwa volti 0.48 hadi 2.4, inakaa pazuri kabisa.

Soma jina lililochapwa juu ya kifuniko cha bati kabla hujalipa. ESP32-C3 ina UART 2 tu na haina DAC. S2 haina Bluetooth. Dukani zote huitwa "ESP".

2. BeagleBone Black

Hii ndiyo prosesa kamili ya Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) iliyojaa vifaa vya ndani kuliko zote hapa: UART 6, CAN 2, Ethernet, ADC ya biti 12 yenye njia 7 kwenye pini, na viini viwili vidogo viitwavyo PRU vya MHz 200. PRU ndizo zinazonifanya niipende. Linux ikishughulika na mengine, kiini kidogo kinaendelea kuhesabu mapigo ya mita ya maji bila kuruka hata moja. Kama una visima vitatu na mita zake, ichukue hii iwe ya kwanza kwako.

Lakini ADC yake inaishia volti 1.8. Niliwahi kuhamisha rezista ya omu 150 kutoka bodi nyingine bila kufikiri. Tanki likiwa chini ya nusu kila kitu kilikuwa sawa. Siku lilipojaa, volti 3 zikaingia na pini ile haikusoma tena. Tumia omu 82. Pia saa iko ndani ya chipu ila bodi haina betri yake, hivyo umeme ukikatika inasahau wakati.

3. Raspberry Pi Pico

UART 2, CAN haina, na ADC ina njia 3 kwenye pini. Tanki moja, sensa mbili za udongo, basi. Hakuna nafasi ya kupimia betri ya sola. Ina PIO, vimashine 8 vinavyoweza kugeuzwa UART ya ziada, na hilo limeniokoa mara kadhaa. Ukitaka Wi-Fi, chukua Pico W.

4. Raspberry Pi 4 au Zero 2 W

Zina nguvu, lakini hazina ADC hata moja. Utaongeza ADS1115, chipu ya ADC ya pembeni, kupitia I2C, njia ya mawasiliano ya waya mbili. Kadi ya memori nayo huharibika umeme ukikatika ovyo. Inunue hii kwa kamera ya geti, si kwa pampu.

5. Arduino Uno R3

Biti 10 za ADC yake zinatosha kwa tanki: sensa ya kupima kina hadi mita 5 na rezista ya omu 250 zinakupa hatua ya milimita 6 hivi. Tatizo ni UART moja, ambayo waya wa kompyuta nao unaitegemea, kwa hiyo modemu ikishaunganishwa huna tena pa kuangalia kosa. Mwanafunzi wa UDOM au VETA anayeanza aichukue kwa moyo mmoja, maana pini zake zinavumilia volti 5 na chipu yake kwenye bodi nyingi huchomolewa kwa bisibisi na kuwekwa nyingine.