Laptopu ya mtumba: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Zungukia maduka ya Darajani na Mlandege hapa Unguja, au ya Chake Chake kule Pemba: laptopu za mtumba zinanadiwa kwa RAM na ukubwa wa diski. Programu zilizomo haziulizwi, na hapo ndipo wengi huumia. Kwa mwanafunzi wa skuli, mwalimu au mwenye kuweka hesabu za duka, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni mashine yoyote nzima yenye RAM ya GB 4 au zaidi, iwekwe Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice, programu za kuandikia nyaraka na kupigia hesabu. Zote mbili ni programu huria: ruhusa unayo ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kumgaia mwenzako. Faili la Mint linakaribia GB 3, bando si dogo hilo. Lakini akishalipakua mmoja Wete, wa Micheweni analichukua kwa flashi na hakuna aliyevunja sheria. Bei nayo inakuwa upande wako. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele kwa sehemu kubwa. Mashine kongwe zimeachwa nje, nawe patana bei kwa hoja hiyo hiyo. Mint haijali.

LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa waraka wenye majedwali mengi huvurugika. Ukienda steshenari kuchapisha, peleka PDF.

Kabla ya kulipa, nenda na flashi iliyoandaliwa Mint, iwashe mashine kutoka humo. Diski haiguswi. Jaribu waifai, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi. Muuzaji akikataa, duka la pili halipo mbali.

Ya pili: Windows 11 yenye leseni halali, juu yake uweke LibreOffice, Firefox ya kuingilia mtandaoni na VLC ya kuchezea video. Inamfaa ambaye kazi yake ina programu isiyokubali kwengine. Hana haja ya kujitesa.

Ya tatu ni kulipia Microsoft 365, yaani Word, Excel na wenzao kwa malipo ya kila kipindi. Kama ofisi yenu inaandikiana humo kila siku, sawa. Vyenginevyo utalipa kila mwezi au mwaka, na siku ukiacha, kwenye programu zake za kompyuta utaweza kusoma na kuchapisha nyaraka zako, si kuzihariri.

Ya mwisho, tena kwa mbali, ni ile ambayo muuzaji anakwambia "ina kila kitu": Office, Photoshop, zote zimevunjwa kufuli ya leseni ili zitumike bila kulipiwa. Watu huiona ndiyo ya bure kweli. Mara nyingi kuvunja huko huanza kwa kuzima kinga ya virusi, na aliyeandaa programu ya kuvunjia humjui. Kwenye mashine hiyo hiyo utaingiza namba ya siri ya benki.

Laptopu unayoitazama ikiwa na Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike slmgr /xpr. Likija jibu lenye tarehe ya kumalizika, kuna walakini: leseni ya mtu binafsi kwa kawaida haina mwisho, ila njia moja maarufu ya kuvunjia huiga leseni za makampuni, ambazo huhuishwa ndani ya kila siku 180. Lisipokuja, bado muulize leseni imetoka wapi, kwani njia za kuvunjia ni nyingi. Akibabaika, usilipie Windows hiyo hata shilingi. Mlipe thamani ya chuma tu, na diski ifutwe mbele yako.