Kung'oa gego la mwisho: kazi safi, lakini siku ya nne niliachwa peke yangu

Niling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa limelala kwa ubavu likilisukuma jino la jirani. Kazi yenyewe naisifu. Ganzi ilishika sawasawa, daktari akachana fizi kidogo, akalikata gego vipande viwili na kuvitoa kimoja kimoja, kisha akashona. Nikaondoka nimeng'ata shashi. Shavu lilivimba siku mbili tatu, ila dawa za maumivu zilitosha.

Usiku wa kuamkia siku ya nne, nilipokuwa nategemea nafuu, maumivu yaliniamsha. Yalianzia kwenye taya yakapanda mpaka sikioni, yanapwita, na mdomo una ladha ya kitu kilichooza. Nikamulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Nyuzi zilikuwa zimelegea, na pale palipotakiwa kuwa na donge la damu niliona shimo tupu, ndani yake kuna weupe. Ulikuwa mfupa.

Asubuhi nikapiga simu kliniki. Aliyepokea akasema ni kawaida, nivumilie. Nikavumilia siku mbili nzima bila kulala, na hizo siku mbili ndizo zinazoniuma hadi leo, kwa sababu hazikuwa na ulazima wowote. Nilipojipeleka mwenyewe bila miadi, daktari alitazama mara moja tu akasema ni tundu kavu: donge la damu limetoka kabla ya wakati, mfupa na neva zimebaki wazi. Akaosha shimo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaingiza kipande chembamba cha shashi chenye dawa inayonukia karafuu. Sijawahi kupata nafuu ya haraka namna ile. Kabla sijafika nyumbani sikio lilikuwa limetulia, na machozi yalinitoka.

Alinibadilishia dawa hiyo mara mbili zaidi, kisha akanipa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, la kusafishia shimo kila baada ya kula. Mara ya kwanza niliogopa kuligusa. Ukilipuliza maji taratibu unaona chembe za chakula zinatoka ambazo kusukutua peke yake hakukuzifikia. Taya nalo lilikaza; wiki nzima mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili tu. Fizi ilijifunga baada ya mwezi hivi. Pamebaki kibonde, na daktari anasema mfupa huchukua miezi kujaa.

Karatasi ya maelekezo waliyonipa ilikataza mrija, sigara na kutema kwa nguvu. Hakuna mstari hata mmoja uliosema kwamba maumivu yakizidi kuanzia siku ya tatu badala ya kupungua, urudi haraka. Nimewaomba wauongeze.

Kung'oa nawapa nyota tano, ufuatiliaji mbili. Gego la juu bado lipo, na litang'olewa na daktari yuleyule. Safari hii nimeshachukua namba yake.